Marehemu Delfina Brussino, Aliyezihesabu Collina Moja Moja

Ninyi mlioshika karatasi hii, hasa ninyi wa mabenchi ya mbele wenye makoti ya klabu ya magari ya Collina, tunaanza na lalamiko, maana marehemu mwenyewe angeanza nalo. Juzi Jumatatu, mwili wake ukiwa bado nyumbani, ukurasa wa klabu mtandaoni ulitoa rambirambi. Picha nzuri, maua, halafu maneno haya: "mtaalamu wa zile Collina hamsini". Hamsini! Mama wa watu alihangaika miaka ishirini na minne kuwatoa kwenye hamsini, na siku moja tu baada ya kufa mmemrudisha palepale. Watu zaidi ya mia wamebonyeza alama ya moyo. Hakuna aliyeuliza hiyo hamsini imetoka wapi. Basi kaeni vizuri, zimeni simu, msikilize.

Na kwa majirani wa hapa Carmagnola mliokuja kumzika jirani yenu na hamna habari na magari: Collina ni stesheni wagoni, lile gari la familia lenye mgongo mrefu na mlango nyuma. Lilitengenezwa Torino kwa mkono, kuanzia mwaka 1952 hadi 1956, kwenye karakana ya Mussetto. Zilitengenezwa chache. Chache ngapi, hiyo ndiyo habari ya leo.

Delfina Brussino alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 1936 kule San Bernardo, mtaa wa wasokota kamba wa hapahapa Carmagnola, mtoto pekee wa Celestino Brussino na Margherita. Baba yake alikuwa msokota kamba na nyuzi za katani. Alikuwa wa mashoto, na hakuna mtu aliyeweza kumnyoosha. Gurudumu lake lilizunguka kinyume na magurudumu ya mtaa mzima, kwa hiyo uzi wake ulijisokota upande usio wa kawaida. Wateja walilalamika. Yeye aliwajibu swali moja tu, kila siku lilelile: "Inafunga haifungi?" Ilifunga. Delfina alizungusha lile gurudumu tangu akiwa na miaka sita, na hadi uzee aliweza kufumba macho, akapitisha kidole kwenye uzi, akakwambia kama umetoka kwa baba yake au kwa mtu mwingine. Lishikeni hilo. Tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi palepale mtaani, 1942 hadi 1947. Darasa la nne alikuja mkaguzi, akauliza watoto shule yao ina madirisha mangapi upande wa barabara. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: ishirini na manne, kama walivyokaririshwa. Delfina akanyoosha kidole. "Ni ishirini na matatu, mwalimu. Moja limechorwa ukutani kwa rangi." Mwalimu akamchapa kwanza, akatoka kwenda kuhesabu baadaye. Lilikuwa limechorwa kweli, pamoja na pazia lake na paka. Kofi halikurudishwa, lakini mkaguzi alimwandikia barua baba yake kwamba mtoto huyu aendelee na shule. Hela ya kuendelea haikuwepo. Akapelekwa kwa masista kujifunza cherehani, na ile barua akaitunza maisha yake yote.

Oktoba 1951, akiwa na miaka kumi na mitano, aliajiriwa kwa Mussetto, mtaa wa San Paolo, Torino. Kila asubuhi treni, kila jioni treni. Karakana ilikuwa na wanaume kumi na tisa, wapiga bati na maseremala, na chumba kimoja kidogo cha wanawake watatu washona siti: Irma, Pinuccia na yeye. Chasisi ilinunuliwa ikiwa tupu. Wanaume waliijengea bodi ya mbao na bati, wanawake wakaivalisha ndani.

Wanaume walikuwa na desturi ya kuandika majina yao kwa chaki chini ya paa kabla halijafunikwa kitambaa. Siku moja Irma akasema, "Wale wanaacha majina. Sisi tunaacha nini, jasho?" Mzee Mussetto hakutaka kusikia habari ya wanawake kuandika chochote kwenye gari lake. Basi wakakubaliana kimyakimya. Kila aliyemaliza siti ya nyuma alifunga fundo dogo la uzi wa rangi chini yake, kona ya kulia, mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki. Irma kijani, Pinuccia njano, Delfina nyekundu. Hawakumwambia mtu.

Na springi za siti zilifungwa kwa uzi wa katani. Unaujua ulikotoka. Delfina aliuleta mwenyewe kwa treni, kila mwezi furushi moja. Mzee Mussetto alipouona mara ya kwanza alikunja uso. "Binti, huu uzi umesokotwa kichwa chini miguu juu."

"Unafunga, bosi," akasema Delfina.

Ukafunga magari yote.

Sasa namba. Kila Collina ilikuwa na kibati chini ya boneti, kimegongwa namba. Ya kwanza iligongwa 101. Irma alipouliza mia zimetoka wapi, Mzee Mussetto alimshangaa. "Nani atanunua gari namba moja? Atadhani tunajifunzia kwake." Walipofika 116, kikao hakikuitishwa. Kibati kingine walichokiona kilikuwa 118. Kwetu Torino kumi na saba ni namba ya mkosi, hatuelezani mambo hayo. Hoteli hazina chumba cha kumi na saba, na hakuna fundi ambaye angemkabidhi baba wa watoto gari lenye kumi na saba ndani yake. Ya mwisho, 147, ilitoka Machi 1956. Karakana ilifungwa mwaka 1961, na daftari la kazi likapotea kwenye kuhama.

Delfina akawa mhudumu wa shule ya msingi Torino kuanzia 1962 hadi alipostaafu 1994. Walimu walikuja wakaondoka. Funguo alikuwa nazo yeye.

Jumamosi tarehe 11 Aprili 1959 alifunga ndoa na Teresio Audisio, dereva wa tramu. Walikutana kwenye tramu yake. Teresio alimwambia ana miaka ishirini na sita, Delfina akaomba kitambulisho. Alikuwa na thelathini na mmoja. "Nimepunguza kidogo tu," Teresio akajitetea. Delfina akamwambia, "Umepunguza mitano. Ukitaka kunioa, nirudishie yote." Akamrudishia, na waliishi pamoja miaka hamsini, hadi Teresio alipofariki tarehe 2 Juni 2009. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ornella na Piercarlo.

Mambo yalianza mwezi aliostaafu, kwa msusi. Alifungua gazeti la magari la zamani lililokuwa limetupwa pale, akaona picha ya siti ya nyuma ya Collina, na mshono akautambua: ulikuwa wake. Chini ya picha waliandika kwamba zilitengenezwa hamsini, "kwa mujibu wa familia", na kwamba mafundi wanaume wa Mussetto walikuwa wasanii. Washona siti hawakutajwa. Alitoka kwa msusi nywele zikiwa zimekatwa upande mmoja. Aliwaandikia wenye gazeti kwamba namba zilianza 101 zikaishia 147, na moja katikati haikuwepo, kwa hiyo hamsini imetoka wapi? Wakamjibu kwa heshima kwamba idadi hiyo inajulikana na wote.

Hilo "inajulikana na wote" ndilo lililomuudhi. Alikuwa ameshachapwa kwa ajili yake darasa la nne.

Akanunua daftari la shule la mistari ya miraba, ukurasa mmoja kwa kila namba. Kwenye ukurasa wa 117 alichora mstari wa kalamu kutoka kona hadi kona, akaandika: haikutengenezwa. Hakuutazama tena kwa miaka ishirini na minne. Sheria yake ilikuwa fupi. Gari lililo hai linaingia daftarini akishaona kibati kwa macho yake na kugusa fundo kwa mkono wake. Gari lililokufa linaingia kwa karatasi mbili ambazo hazikunakiliana. Ukimwambia "nilisikia", alifunga daftari.

Walizunguka nchi nzima, yeye na Teresio, kwa treni, kwa mabasi, kwa kuomba lifti. Collina 109 waliikuta kwenye kilima cha mashamba ya zabibu, imegeuzwa banda la kuku. Akapiga magoti na gauni lake la kanisani, akaingiza mkono chini ya siti. Akatoa yai. Akampa mwenye kuku, akaingiza tena. Alipotoka safari ya pili alikuwa anacheka peke yake: fundo la njano, la Pinuccia. Teresio, aliyekuwa ameshika koti na mkoba, alimwambia mwenye shamba, "Unaona maisha yangu? Mke wangu ana mkono chini ya siti ya mwanamume mwingine, na mimi ndiye nabeba koti."

Mwaka 2003 mfanyabiashara mmoja wa magari alimletea Collina inayong'aa kama kijiko kipya, kibati 123, akitaka aiandikie kwamba ni ya kweli. Bibi Delfina akainama, akainuka.

"Hapana."

"Hapana nini, mama? Hata boneti hujafungua!"

"Boneti umeifanyia kazi wewe. Mimi nimetazama mahali ambapo hukufanyia kazi."

"Wapi?"

"Ningekwambia, kesho ungekuja na lingine."

Ya kweli, 123, aliipata miaka minne baadaye kwenye picha ya harusi na hati ya chuma chakavu. Ilikuwa imepondwa tangu 1971. Mnaona? Na hapo katikati wapo waliotaka ziwe thelathini ili bei ipande, wapo waliotaka zibaki hamsini kwa sababu hamsini inapendeza kwenye bango. Bibi huyu hakumpunguzia mtu, hakumwongezea mtu. Mwaka 2015 alifunga ukurasa wa mwisho. Kumi na tisa hai, ishirini na saba zimekufa. Jumla arobaini na sita.

Klabu ikanyoosha mikono, na lazima tuseme ilifanya hivyo kwa moyo mweupe. Tarehe 14 Mei 2016 jiwe liliwekwa kwenye ukuta wa San Paolo palipokuwa karakana: "Hapa zilitengenezwa Collina 46", na chini yake, kwa mara ya kwanza popote, majina ya Irma, Pinuccia na Delfina. Mwenyekiti, Bwana Ubaldo Gariglio, alitoa hotuba, akalia. Kofia za klabu zikadariziwa 46. Bibi Delfina alikuwa na miaka themanini, na siku hiyo alikunywa bilauri mbili za mvinyo wa barbera, jambo ambalo wanawe hawakuwahi kuliona.

Sasa tunafika pale ambapo wengi wenu mnainama na kutazama viatu.

Mei 2018 ilikuja barua kutoka Basel, Uswisi. Aliyeandika ni Bi Trudi Aeschbach, mwalimu mstaafu. Baba yake, daktari wa watoto, alimwachia Collina, na alitaka iingie kwenye hesabu. Kibati: 117. Bibi Delfina hakufikiria hata dakika. Alimwomba apapase chini ya siti ya nyuma, kona ya kulia. Bi Trudi akajibu kwamba hakuna kitu. Basi bibi akamwandikia: "Gari lako ni la bandia. Pole." Na kwenye jarida la klabu akatangaza tahadhari, na jina la mji akalitaja.

Jibu lilirudi wiki hiyohiyo. "Baba yangu alikuwa na kasoro zake, lakini hakuwa mwongo. Wewe unasema hukubali habari za kusikia. Hili gari langu umelisikia tu. Njoo ulione."

Miezi minne alizunguka meza ya jikoni. Ornella alimwambia, "Mama, achana naye. Jiwe liko ukutani, umeshinda." Akajibu, "Amenishika palepale ninapowashikaga watu." Tarehe 9 Oktoba wakapanda treni, mama na binti, wakavuka milima.

Gari lilikuwa kwenye banda kavu, limefunikwa shuka. Bibi Delfina akatazama mshono wa siti, akatabasamu kwa dharau. "Huu si wetu. Huu ni wa mtu anayefunga gunia la viazi." Kisha akautazama tena, kwa sababu ulimwengu huu alikuwa anamjua mtu mmoja tu aliyeshona hivyo: mke wa Mzee Mussetto, ambaye mumewe alimkataza kabisa kugusa cherehani.

"Baba yako alilinunua lini?" akauliza.

"Agosti, hamsini na tatu," akasema Bi Trudi. "Mama alikuwa na mimba yangu. Baba alifika Torino akakuta mji mzima umefungwa, hata mkate hakuna. Akagonga kwa Mussetto hadi wakamfungulia. Alikuwepo mzee, mkewe na jamaa wawili. Mzee akamuuliza kama ana tatizo na kumi na saba. Baba akasema kwetu hiyo ni siku ya mwezi kama nyingine. Mzee akafurahi sana, eti sasa kumi na nane atamwekea Mtaliano."

Bibi Delfina alikaa chini, sakafuni. Agosti. Torino yote hufunga Agosti kwa likizo. Irma alikuwa kwao, Pinuccia kwao, yeye mwenyewe alikuwa San Bernardo anachuma pilipili hoho na kuzungusha gurudumu la baba yake. Aliporudi Septemba, gari lilikuwa limeshavuka milima, na kati ya wale wanne hakuna aliyetaka kusema kwamba walitengeneza kumi na saba.

Lakini hayo yalikuwa maneno, na yeye maneno hakuyaandika daftarini. Akageuka ubavu, akaingiza mkono chini ya siti, ndani zaidi ya mahali pa fundo, hadi kwenye springi. Ornella anasema aliona uso wa mama yake ukibadilika kabla hajasema chochote. Kidole kilikuwa kimekutana na uzi. Aliupapasa mara moja, akaupapasa mara ya pili kwenye springi nyingine. Umesokotwa kinyume.

"Baba," akasema.

Bi Trudi, ambaye hakuelewa, aliuliza kama amejiumiza.

"Sijaumia. Baba yangu yumo humu ndani. Gari lako ni la kweli, dada. Nisamehe."

Wakanywa kahawa. Bi Trudi akatoa uzi mwekundu kwenye kikapu chake, akamwomba afunge fundo, ili 117 ifanane na dada zake. Bibi Delfina akakataa. "Hii sikuishona mimi." Alimlilia baba yake sakafuni dakika kumi nyuma, na bado hakukubali kusaini kazi ya mtu mwingine. Ukitaka kujua alikuwa mtu wa namna gani, chukua hilo moja, mengine acha.

Jumapili ya pili ya Novemba 2018, kwenye chakula cha mwaka cha klabu, vibakuli vya bagna cauda, mchuzi wetu wa moto, vikichemka na ukumbi mzima ukinuka kitunguu saumu, alisimama bila kuombwa. Alisema, "Nimekosea. Ni arobaini na saba. Yule mama wa Basel nilimwita mwongo mbele yenu, nimekuja kujirudi mbele yenu."

Halafu Bwana Gariglio akasema, taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "Mama Delfina, jiwe limeshachongwa."

"Chonga lingine."

"Moja tu, mama! Nani atajua?"

"Mimi nilijua hamsini si kweli wakati hakuna anayejua. Chonga."

"Kofia zimeshadariziwa."

"Leteni. Nitafumua mimi, nitadarizi mimi."

Mtu wa meza ya nyuma akapaza sauti, "Na hiyo ya kumi na saba itupitie na mikosi yake?" Watu wakacheka.

"Daktari wake aliiendesha miaka thelathini na nane, akafa kitandani na miaka tisini na mmoja," akasema bibi. "Wewe una miaka mingapi, na gari lako limewaka asubuhi?"

Halikuwa limewaka. Alikuja na teksi.

Mwone ujasiri wake. Mtu yeyote asiyejua lolote, aliyetoa tu 101 kwenye 147 na kuongeza moja, angepata jibu sahihi kabla yake. Yeye aliyejua kila kitu alikosea kwa sababu alijua mno jinsi sisi wa Torino tulivyo. Angeweza kukaa kimya, akafa na jiwe lake likimsifu. Alichagua kusimama na kitunguu saumu mdomoni, na miaka themanini na miwili, mbele ya watu waliokuwa wanangojea tangu zamani siku atakayokosea.

Kanuni ya klabu inasema jiwe halibadilishwi bila sahihi thelathini za wanachama. Alianza kuzitafuta wiki hiyo, nyumba kwa nyumba. Kila mwanachama aliyesaini alichukuliwa kofia, ikarudishwa ikiwa na 47 kwa uzi mwekundu. Hadi anafariki alikuwa amedarizi kofia ishirini na mbili. Mliosaini mmezivaa leo, tunawaona. Na ninyi wengine tunawaona pia.

Alianza kuugua moyo Novemba 2022. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alimkataza ngazi. "Mama, unapanda ngazi sitini kila siku." Akamrekebisha: hamsini na nane. Ornella alihamia kwake mwaka jana mwezi wa Septemba. Hakulalamika, isipokuwa kuhusu supu. Januari mwaka huu mkono wake ulianza kutetemeka, na hapo ndipo alipoweka chini sindano. Kwenye daftari lake, ukurasa wa 117, ule mstari wa kona hadi kona bado upo, hakuufuta. Pembeni ameandika: kosa langu. Chini yake ameandika: Basel, iko hai, nimeigusa.

Alifariki Jumapili tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi, kahawa ikiwa jikoni. Alikuwa na miaka themanini na minane na siku ishirini na tatu. Dakika chache kabla, alimuuliza Ornella, "Gariglio amesaini?"

"Bado, mama."

"Ana mkono mzito yule." Akafumba macho.

Ameacha watoto wawili, Ornella na Piercarlo. Mkwe wake Luisella. Wajukuu watatu, Matilde, Elio na Gemma. Rafiki yake Pinuccia, mwenye miaka tisini na mmoja, aliyesaini wa kwanza ingawa hata si mwanachama. Na rafiki yake Bi Trudi Aeschbach wa Basel. Ameacha pia Collina ishirini zilizo hai, kati ya arobaini na saba zilizotengenezwa. Amewafuata wazazi wake, mume wake, na Irma.

Pumzika sasa, Bibi Delfina. Hesabu yako imefungwa, na ni sahihi.

Ninyi tuliobaki nanyi, kuna kazi ndogo kabla ya chakula. Bi Trudi amevuka milima na gari la baba yake, na ametuahidi kuliegesha nje, upande wa kushoto wa kanisa. Mlango wa nyuma hautafungwa. Ukitoka, piga magoti, usiogope suruali, ingiza mkono chini ya siti, ndani kabisa, hadi uguse ule uzi uliosokotwa kinyume. Halafu geuza karatasi hii. Nyuma kuna mistari minane mitupu ya sahihi zilizobaki, na kalamu ziko kwenye benchi la mwisho. Bwana Gariglio, tunakuomba uanze wewe: kwa mkono huohuo uliougusa uzi, saini.